Kumvika Kijana Dhambi Isiyo Yake

Levittown, katika jimbo la Pennsylvania, ni mji ulioota kwa miaka michache tu. Kuanzia 1952 kampuni ya William Levitt ilijenga hapo nyumba zaidi ya 17,000 zinazofanana, kwa ajili ya familia za wafanyakazi. Wengi wao walikuwa wakiingia zamu katika kiwanda cha chuma cha Fairless, kando ya mto Delaware. Nyumba hizo hazikuuzwa kwa watu weusi, na mwaka 1957 familia ya kwanza ya weusi, akina Myers, ilipohamia, umati ulikusanyika nje ya mlango wao usiku baada ya usiku, mawe yakarushwa. Baadaye kiwanda nacho kikaanza kupunguza watu, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 sehemu yake kubwa ikafungwa. Katika mji huo, kwenye Shule ya Sekondari ya Harry S Truman, mwalimu wa Kiingereza aitwaye Lou Volpe aliongoza maigizo kwa zaidi ya miaka 40, mpaka alipostaafu mwaka 2013. Hakuwa amesomea sanaa za jukwaani.

Mtu angetarajia kwamba shule ya namna hiyo ingecheza vichekesho vya Krismasi na hadithi za binti mfalme. Mambo yalikuwa vingine. Wenye haki za tamthilia kubwa za muziki za Broadway walipotaka kujua kama Les Misérables, Rent na Spring Awakening zinaweza kubebwa na wanafunzi wa sekondari, walizipeleka Truman zikajaribiwe. Rent inahusu vijana wa New York wanaoishi na UKIMWI na kuhangaika na dawa za kulevya. Spring Awakening imetokana na tamthilia ya Mjerumani Frank Wedekind ya mwaka 1891: watoto wanaofichwa kila kitu kuhusu miili yao, mmoja anajiua, mwingine anafia mikononi mwa mtoa mimba. Wedekind mwenyewe alisubiri hadi 1906 ndipo ikapanda jukwaani Berlin, tena ikiwa imekatwakatwa. Karne moja baadaye ilikuwa ikichezwa na wanafunzi wenye umri wa wahusika wenyewe, katika ukumbi wa shule, wazazi wakiwa viti vya mbele.

Michael Sokolove, mwandishi wa habari aliyefundishwa na Volpe, alirudi shuleni hapo akaandika kitabu kizima, Drama High, kilichotoka mwaka huohuo wa kustaafu. Kinasimulia ushindi mwingi. Lakini chini ya ushindi huo liko swali ambalo makofi hayalijibu, na mzazi ana haki ya kuliuliza bila kuitwa mshamba. Mwanangu wa miaka 16 amesimama mbele ya watu akitamka maneno ya mtu ambaye nisingemruhusu hata akae naye kijiweni. Amelia machozi yake, amecheka kicheko chake, amerudia hivyo jioni baada ya jioni kwa miezi miwili. Akishuka jukwaani, anashuka na nini?

Jibu linaloletwa haraka ni kwamba huo ni mchezo tu.

Jibu hilo lina umri mkubwa. Plutarch anasimulia kwamba Solon, mtunga sheria wa Athens, akiwa tayari mzee, alikwenda kumtazama Thespis akiigiza, kisha akamuuliza kama haoni haya kusema uongo mwingi namna ile mbele ya umati. Thespis akajitetea kwamba hakuna ubaya, kwa kuwa ni mchezo. Solon akapiga fimbo chini na kuonya kwamba mchezo wa aina hiyo ukisifiwa hautachelewa kuingia katika mikataba ya watu. Plutarch aliandika karne nyingi baadaye, na hakuwa mtu wa kuacha kisa kizuri kimpite. Anaunganisha papo hapo na Pisistratus, aliyejijeruhi mwenyewe, akaletwa sokoni juu ya gari huku damu ikimtoka, akadai maadui wamemvamia na kuomba walinzi. Akapewa, na kwa walinzi hao akaitia Athens mfukoni. Solon alimwambia usoni kwamba anamwigiza Odysseus wa Homer, tena vibaya.

Plato aliichimba hoja hiyo zaidi kuliko Solon. Uongo si jambo linalomsumbua sana katika kitabu cha tatu cha Jamhuri. Kinachomsumbua ni mazoea. Anasema kwamba kuiga, kukianza utotoni na kuendelea, hutulia mwilini, katika sauti na katika fikra, kukawa tabia na hatimaye maumbile. Kwa hiyo vijana watakaoulinda mji wasiige watumwa, walevi, waoga, wala wendawazimu. Orodha yake inazidi kurefuka mpaka inachekesha: wasiige wahunzi, wala wapiga makasia, wala farasi wanaolia, wala ng'ombe dume, wala mngurumo wa radi. Mwalimu yeyote wa maigizo akiisoma orodha hiyo ataona humo ratiba yake ya Jumatatu. Na Plato mwenyewe anayasema haya yote kwa mdomo wa Socrates, akiwa amejificha nyuma ya mhusika.

Hata hivyo, ukimuuliza mwongozaji mzoefu yupi kati ya hao wawili anaijua kazi yake, Thespis aliyesema ni mchezo tu au Plato aliyesema kuiga kunabadili mtu, atakuwa mnafiki akimtaja Thespis. Mwalimu huyo amewaona wenye haya wakipata sauti. Amemwona kijana aliyekuwa akiburuta miguu darasani akianza kutembea wima kwa sababu kuna mhusika fulani aliyetembea wima. Mkutano wa wazazi unapoitwa ili kuomba fedha za taa na mavazi, yeye ndiye wa kwanza kusimama na kusema kwamba maigizo hujenga tabia. Huwezi kuomba fedha kwa hoja kwamba jukwaa lina nguvu, kisha lalamiko likija ukajitetea kwamba halina. Kwa hiyo mwalimu na mkaguzi wa maadili wanakubaliana juu ya nguvu ya jukwaa. Wanachogombania ni mahali linapompeleka mtoto.

Wanazuoni wa Kiislamu nao wamelijadili jambo hili kwa njia yao. Yapo mapokeo ya Mtume yanayomkemea mtu anayesema uongo ili awachekeshe watu, na wapo waliojengea hapo hoja ya kukataza uigizaji. Wengine wameruhusu kwa masharti, wakisema mtazamaji anajua anachokitazama, kwa hiyo hakuna anayedanganywa. Mfano unaofundisha zaidi unatoka Iran, kwenye taazia, maigizo ya kuuawa kwa Husein huko Karbala. Humo mtu lazima amwigize Shimri, muuaji. Mila imeweka vizuizi vya wazi. Watu wa Husein huvaa kijani na kuimba maneno yao; maadui huvaa nyekundu na kusema tu, bila kuimba. Waigizaji wengi hushika karatasi ya maneno mkononi hata kama wameyahifadhi, ili ionekane kwamba wanasoma habari za mtu mwingine. Na imezoeleka kabisa kwa mwenye sehemu ya Shimri kulia anapofika penye kuua, kumlilia anayemuua, huku upanga uko juu.

Hapo kuna jambo ambalo Plato hakulipima. Alidhani anayeiga ubaya ataelekea kwenye ubaya, kwa mstari ulionyooka. Yule wa taazia anauigiza ubaya kwa mwili wake wote na bado moyo wake uko upande wa pili, na ni kule kuuigiza kunakomliza.

Wajesuiti, shirika la mapadri wa Kikatoliki, walilijua hilo mapema. Kanuni yao ya masomo ya mwaka 1599 iliruhusu maigizo kwa shingo upande: yawe kwa Kilatini, yawe machache, yahusu mambo matakatifu, na pasiwe na mhusika wa kike wala vazi la kike. Walimu wao wakaitanua kanuni hiyo mwaka hadi mwaka, kama walimu wafanyavyo. Mmoja wao, Jakob Bidermann, alifundisha fasihi na ufasaha Munich kuanzia 1606, na mwaka 1609 tamthilia yake Cenodoxus ikachezwa huko. Inamhusu daktari wa elimu wa Paris, mtu anayesifiwa na mji mzima kwa wema, ambaye ndani ameoza kwa majivuno. Sehemu za mwanzo zinachekesha. Kisha daktari anakufa, na wakati wa mazishi maiti yake inainuka mara tatu: kwanza inasema imeshtakiwa, mara ya pili imehukumiwa, mara ya tatu imelaaniwa milele. Kicheko kiliisha ukumbini. Dibaji ya tamthilia zake inaeleza kwamba waungwana 14 wa makao ya mtawala walikwenda moja kwa moja kwenye mafungo ya kiroho, na kwamba aliyemwigiza Cenodoxus aliomba kuingia shirikani muda mfupi baadaye.

Taarifa hiyo ni ya watu wa Bidermann mwenyewe, ilichapishwa mwaka 1666, miaka 57 baada ya onyesho, na hakuna mwenye duka anayesema unga wake una fukusi. Hata tukipunguza nusu, mwelekeo wake unashangaza: kijana aliyetamka laana kwa kinywa chake mara tatu mbele ya mji ndiye aliyekwenda kuwa mtawa.

Lakini asitokee mtu akasema basi, dawa imepatikana. Katika chuo cha Louis-le-Grand huko Paris, Mjesuiti mwingine, Charles Porée, alifundisha kuanzia 1708 mpaka alipofariki 1741, akitunga tamthilia za Kilatini na kuwaongoza vijana kuzicheza. Mwaka 1733 alitoa hotuba juu ya swali hilihili, kama jukwaa linaweza kuwa shule ya maadili mema. Jibu lake lilikuwa na pande mbili: kwa asili yake linaweza, ila kwa makosa yetu sisi halijawa. Ni jibu la mtu aliyekuwa kazini robo karne. Miongoni mwa vijana waliopita mikononi mwake alikuwamo Voltaire, ambaye aliendelea kumheshimu mwalimu wake kwa miaka mingi, akawa mtunzi mkubwa wa tamthilia wa zama zake, na akalishambulia Kanisa lililomlea kwa ufasaha uleule aliofundishwa na mapadri. Shirika lililojisifu kwa mtawa wa Munich ndilo lililomnoa Voltaire. Mwalimu humpa mwanafunzi sauti ya mtu mwingine. Atakachokisema kijana huyo siku atakapokuwa na sauti yake mwenyewe hakimo katika mswada.

Kenya ina mfano wake. Alliance High School, chini ya Carey Francis, mwanahisabati kutoka Cambridge na Mkristo asiyetania, ilikuwa na desturi ya kucheza Shakespeare kila mwaka. Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia pale mwaka 1955, katikati ya Hali ya Hatari, na ameeleza maisha hayo katika kumbukumbu zake. Nje ya uzio kulikuwa na kambi na msako. Ndani ya uzio wavulana, baadhi wakiwa wamevaa magauni, walicheza hadithi za wafalme wanaonyang'anywa taji kwa nguvu. Ni vigumu kuamini kwamba wakuu wa shule walikusudia kufundisha uasi. Mwaka 1977 Ngũgĩ, pamoja na Ngũgĩ wa Mirii, aliwaongoza wanakijiji wa Kamirithu katika Ngaahika Ndeenda, ikapigwa marufuku, na mwisho wa mwaka akatiwa kizuizini.

Basi kama mwalimu hawezi kuahidi matokeo, anawajibika kwa lipi? Hapa ndipo inapofaa kumrudia Volpe, kwenye tamthilia isiyo na muziki wala sifa za Broadway: Good Boys and True ya Roberto Aguirre-Sacasa, ambayo Truman waliipeleka kwenye tamasha la kimataifa la maigizo ya shule huko Lincoln, Nebraska. Hadithi yake iko mwaka 1988, katika shule ya Kikatoliki ya wavulana wa familia zenye nafasi. Unapatikana mkanda wa video: mvulana yuko na msichana, anamdhalilisha, na msichana hakujua kuwa kuna kamera. Msichana si wa tabaka lao. Mvulana ni Brandon, nahodha, kipenzi cha walimu, na mama yake anakataa kuamini kwamba ni yeye.

Waigizaji walikuwa watoto wa Levittown. Kwa hali zao za maisha, kama wangejiona katika hadithi hiyo, wangejiona katika msichana aliyechaguliwa kwa sababu hakuna atakayemlilia. Kazi waliyopewa ilikuwa kuingia ndani ya Brandon. Na kila aliyewahi kuhudhuria mazoezi ya tamthilia anajua swali ambalo mwongozaji hulirudia mpaka linachosha: hapa unataka nini? Halitafuti hukumu. Kijana akijibu kwamba Brandon anataka kufanya uovu, mwongozaji atamrudisha mwanzo wa onyesho, kwa sababu hakuna mtu anayeingia chumbani akitaka kufanya uovu. Anataka asiachwe na rafiki. Anataka asijulikane jinsi alivyo. Anataka kushinda. Mwigizaji lazima aipate sababu ambayo angeweza kuiamini yeye mwenyewe, na akishaipata hana tena pa kujificha, maana ameona kwamba njia ya kufika pale haikuwa ndefu.

Hilo ndilo jambo ambalo wazazi huliogopa bila kulitaja, na wana sababu. Kumwelewa mkosaji kunaweza kuwa mwanzo wa kumsamehe haraka mno. Augustino aliliona, alipokumbuka ujana wake Carthage, jinsi alivyokuwa akilipa ili akalie kwa misiba ya kutunga: huruma isiyomtaka anayeihisi amsaidie mtu yeyote. Mwigizaji anaweza kumlilia msichana wa kwenye mkanda jioni ya Ijumaa, na Jumatatu akamcheka msichana wa darasani kwake. Jukwaa halina kinga dhidi ya hilo. Kinga iko kwa mtu anayekaa safu ya tatu na mswada magotini, kama anawajua vijana wake vya kutosha kujua nani asipewe sehemu gani mwaka huu. Ndiyo maana miaka 40 mahali pamoja ni hoja yenyewe. Mgeni mwenye kipaji angeweza kuandaa onyesho zuri zaidi. Asingejua kwamba mtoto fulani amemzika kaka yake kwa dawa za kulevya, na kwamba Rent kwake si hadithi.

Shule nyingi hazina mtu huyo, au zinaye na hazimwamini. Mwaka 2006, katika mji wa Fulton, Missouri, barua chache za malalamiko juu ya onyesho la Grease zilitosha kuufanya uongozi ufute tamthilia iliyofuata, The Crucible ya Arthur Miller, inayohusu mji unaowinda wachawi kwa kufuata minong'ono. Badala yake ikawekwa A Midsummer Night's Dream ya Shakespeare, iliyoonekana haina madhara. Humo malkia wa majini anapakwa dawa machoni na kulala na mtu mwenye kichwa cha punda, lakini Shakespeare ana jina.

Kuna hatari nyingine, iliyo kubwa kuliko ya maneno machafu, na Afrika Mashariki inaijua vizuri. Ni hatari ya mtoto kuwa kipaza sauti cha mtu mzima. Tamasha la maigizo la shule za Kenya lilianza mwaka 1959, na kwa miongo mingi limekuwa jukwaa ambalo nchi nzima hulitegea sikio. Mwaka 2013 wanafunzi wa shule ya Butere Girls walizuiwa kucheza Shackles of Doom, juu ya ugawaji usio wa haki wa utajiri wa mafuta, mpaka Mahakama Kuu ilipoamuru wapewe nafasi. Mwaka 2025 ikawa Echoes of War, juu ya vijana na watawala, ya mwandishi yuleyule, Cleophas Malala, ambaye katikati ya miaka hiyo alikuwa seneta. Mahakama ikaamuru tena wasizuiwe. Mwezi Aprili, Nakuru, Malala alikamatwa kabla ya onyesho, polisi wakarusha mabomu ya machozi kutawanya watu, na wasichana wakapanda jukwaani asubuhi, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka bila kucheza.

Upande wa serikali ulisema wanafunzi wanatumiwa na mwanasiasa asiye mwalimu. Anayeipenda tamthilia hiyo hawezi kuipuuza hoja hii kwa sababu tu imetoka kwa mtu mwenye mabomu ya machozi. Kama maneno humwingia anayeyatamka, basi inafaa kuuliza nani ameyaandika, na kwa ajili ya uchaguzi gani. Ila hoja hiyohiyo inawarudia walioitoa. Serikali inayopanga watoto wa shule jua kali wamwimbie mgeni rasmi nayo inawapa maneno wasiyoyatunga, na huko hakuna anayeuliza kama mwalimu wa kwaya ana cheti.

Mahakama iliweza kuamua kama tamthilia ichezwe. Kama mswada ule uliwafaa wasichana wale, na kama kila mmoja aliyepewa sehemu alikuwa na nafasi ya kuikataa bila kuogopa, hayo ni maswali ya wiki ya kwanza ya mazoezi, karatasi zinapogawiwa na majina kuandikwa kwa penseli. Huko Levittown, Volpe alipoondoka, kazi hiyo ilichukuliwa na mwalimu aliyekuwa msaidizi wake, na kabla ya hapo mwanafunzi wake.